Injini Inapomisi: Namna ya Kuitambua Silinda Mbovu na Chanzo cha Ubovu Wake Ukiwa Nyumbani

Silinda za injini ya petroli hufanya kazi kwa zamu. Kila moja huvuta hewa na mafuta, huvibana, huviwasha kwa cheche ya plagi, kisha hutoa moshi, na zamu hiyo nzima huchukua mizunguko miwili ya krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika gari likiwa limesimama, kila silinda inapaswa kuwaka mara 375 katika dakika hiyo, yaani zaidi kidogo ya mara 6 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa zamu yake, zile zilizobaki hulazimika kuibeba, na dereva huuhisi upungufu huo kwenye usukani, kwenye kiti na katika mlio wa bomba la moshi. Hali hiyo ndiyo mafundi wanayoiita injini kumisi.

Ili silinda iwake inahitaji cheche yenye nguvu, mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ya kutosha, na vyote vitatu vifike kwa wakati wake. Kosa ninalolishuhudia mara nyingi ni mwenye gari kununua plagi, kisha koili inayoipa plagi umeme, kisha nozeli inayopuliza petroli, huku injini ikiendelea kumisi, kwa sababu hakuna aliyesimama kuuliza ni kipi kati ya vitatu hivyo kimekosekana. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, ambayo ni kuitambua kwanza silinda yenye tatizo, kisha kuhamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kutazama kama ubovu unahama pamoja nacho. Unahusu injini za petroli zenye plagi. Dizeli huwaka bila cheche na uchunguzi wake ni wa namna nyingine.

Kwanza, itazame taa ya injini kwenye dashibodi

Taa ya injini ikiwaka mfululizo, unaweza kulifikisha gari nyumbani taratibu. Ikiwa inamemeta, punguza mwendo mara moja, egesha mahali salama na uzime injini, kwa sababu kompyuta ya gari inakueleza kwamba mafuta yasiyoungua yanamiminika kwenye bomba la moshi kwa wingi unaoweza kuharibu kichujio cha moshi, kile ambacho wengi hukiita masega. Mafuta hayo huungulia ndani ya masega na kuyapasha moto hadi yayeyuke, na masega yaliyoyeyuka huziba njia ya moshi na kuifanya injini ikose nguvu kabisa. Usiegeshe juu ya majani makavu gari likiwa katika hali hiyo, kwani joto la chini yake linaweza kuyawasha.

Jambo la pili la usalama ni umeme. Koili hutoa makumi ya maelfu ya voti, kwa hiyo usichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikiwa inazunguka, na usiiache cheche ikirukia hewani bila njia ya kurudi kwenye bodi, kwa kuwa koili yenyewe inaweza kuungua. Nguo zinazoning'inia na mikono mirefu ya shati ziwe mbali na mkanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka ghafla hata baada ya kuzima injini.

Hatua ya kwanza: andika injini inamisi wakati gani

Hatua hii haihitaji kifaa chochote, na watu wengi huiruka. Chukua daftari uandike kama tatizo linatokea asubuhi injini ikiwa baridi, baada ya kupata moto, gari likiwa limesimama, wakati wa kupanda mlima, au baada ya mvua. Injini inayomisi unapokanyaga mafuta kwa nguvu mara nyingi ina udhaifu wa cheche, kwa sababu hewa iliyobanwa sana ndani ya silinda huhitaji voti nyingi zaidi ili cheche iruke, na plagi iliyochakaa au koili dhaifu hushindwa hapo kabla ya kushindwa kwingine. Injini inayomisi ikiwa inaunguruma polepole tu, kisha ikatulia ukiongeza mwendo, hukuelekeza kwenye hewa inayopenya isikotakiwa. Ikimisi ikiwa moto tu, ishuku koili ambayo nyaya zake za ndani huachana zinapopanuka kwa joto. Ikimisi dakika za mwanzo asubuhi huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia, lichukulie jambo hilo kwa uzito, kwani huenda maji yanaingia ndani ya silinda usiku kucha kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya silinda na kichwa cha injini.

Nenda pia nyuma ya gari na ulisikilize bomba la moshi. Injini nzima hutoa mlio unaofuatana sawasawa. Inayomisi huacha pengo, na silinda ikiwa imekufa kabisa pengo hilo hurudi kwa mpigo ule ule kama mtu anayechechemea. Shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa bomba bila kuuziba. Karatasi inapaswa kusukumwa nje muda wote. Ikiwa kila mara inavutwa ndani kidogo kabla ya kusukumwa tena, kuna uwezekano kwamba vali ya kutolea moshi haifungi vizuri, na utahitaji kuifikia hatua ya kompresheni mapema kuliko wengine.

Kuna gari hutikisika bila kumisi. Mipira ya kushikilia injini ikikatika, mtikisiko hufika ndani ya gari ingawa kila silinda inawaka ipasavyo. Mlio wa bomba ukiwa sawasawa na taa ya injini ikiwa haijawaka, ikague mipira hiyo kabla ya kugusa plagi.

Hatua ya pili: soma misimbo ya kompyuta

Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia toleo la mwaka 1996, na yale ya Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, yana soketi ya uchunguzi ya OBD-II, ambayo kwa kawaida huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Kifaa kidogo cha kusomea misimbo, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, au kile kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth, kinatosha kwa kazi hii.

Kompyuta hugundua kumisi kwa kuipima kasi ya krankishafti: silinda ikiwaka, krankishafti hupata msukumo, isipowaka, hupunguza kasi kwa sehemu ndogo ya sekunde, nayo sensa huona. Kwa hiyo msimbo wa P0301 unamaanisha silinda ya kwanza imemisi, P0302 ya pili, P0303 ya tatu, na kuendelea. P0300 humaanisha silinda mbalimbali zinamisi bila mpangilio, na hapo usianze na koili moja. Tafuta kitu kinachozigusa silinda zote, kama vile hewa inayopenya, presha ndogo ya mafuta, au vali ya kurudishia moshi iliyokwama wazi. P0171 ikiambatana nayo, mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi ikilinganishwa na mafuta. P0351 na zinazoifuata huhusu saketi ya koili, na P0201 na zinazoifuata huhusu saketi ya nozeli. Zikitokea, anza na nyaya na viunganishi vya silinda husika.

Andika misimbo yote pamoja na takwimu ambazo kompyuta ilizihifadhi wakati tatizo lilipotokea, yaani kasi ya injini, joto la maji na mzigo, kabla ya kufuta chochote. Ukifuta, kumbukumbu hiyo hupotea.

Ninalotaka lieleweke vizuri ni kwamba msimbo wa P0303 hausemi koili ya tatu ni mbovu. Unasema silinda ya tatu haikuwaka, na kazi ya kutafuta sababu ingali mbele yako.

Hakikisha pia unajua silinda ya kwanza iko wapi. Katika injini nyingi zenye silinda zilizopangwa kwa mstari, namba moja huwa upande wa mkanda au cheni ya taimingi, lakini katika injini za V hesabu hutofautiana kwa watengenezaji, hivyo kitabu cha gari ndicho kiamue. Plagi nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu mtu alianza kuhesabu kutoka upande usio sahihi.

Kama huna kifaa: kata silinda moja moja

Gari likiwa limesimama na breki ya mkono ikiwa imevutwa, unaweza kuizuia silinda moja isifanye kazi na kusikiliza. Kwenye injini ambazo nozeli zake zinafikika kwenye manifodi ya hewa (bomba linaloigawia kila silinda hewa), chomoa kiunganishi cha umeme cha nozeli moja, sikiliza kwa sekunde chache, kisha kirudishe. Silinda nzima ikikatwa, mlio hushuka na injini hutikisika zaidi. Silinda mbovu ikikatwa, hakuna kinachobadilika. Sikiliza sekunde za mwanzo hasa, kwa kuwa kompyuta huongeza hewa upesi ili kuficha upungufu. Napendelea kukata nozeli kuliko kukata koili, kwa sababu nozeli isiyofunguka haimwagi mafuta kwenye masega.

Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda usiziguse nozeli wala neli zake. Presha ya mafuta humo huzidi baa 100 kwa urahisi, na umeme unaoziendesha nozeli hizo ni mkubwa kuliko ule wa betri. Kwa injini hizo, zima gari, chomoa kiunganishi kidogo cha koili moja, washa kwa sekunde chache tu, zima, kirudishe, kisha hamia nyingine.

Hatua ya tatu: plagi na koili

Hapa ndipo penye majibu mengi kuliko kwingine, kwa hiyo usiwe na haraka. Tuseme silinda ya tatu ndiyo inayomisi na kila silinda ina koili yake. Zima injini, toa koili ya tatu na ya kwanza, zibadilishane nafasi, futa misimbo, kisha liendeshe gari katika hali ile ile uliyoiandika daftarini. Ikirudi P0301, ubovu umehama pamoja na koili, na sasa unajua cha kununua. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Irudishe mahali pake na ufanye vivyo hivyo kwa plagi. Usihamishe koili na plagi kwa pamoja, maana ubovu ukihama hutajua ni kipi kimehama nao.

Baadhi ya injini zina koili moja inayohudumia silinda mbili, kwa kawaida ya 1 na ya 4, na nyingine ya 2 na ya 3. Silinda mbili za namna hiyo zikimisi kwa pamoja, koili yao ndiyo ya kushukiwa kwanza. Magari ya zamani yenye distribyuta (kigawa umeme wa plagi) na nyaya ndefu yachunguze gizani injini ikiwa inazunguka, bila kugusa chochote: waya uliopasuka huonyesha cheche za buluu zikirukia kwenye chuma. Nyaya hizo unaweza pia kuzipima ukinzani kwa multimita. Waya ambao namba yake iko juu sana kuliko wenzake wa urefu unaokaribiana umekatika ndani.

Plagi itolewe injini ikiwa imepoa, kwa kuwa nyuzi za tundu la plagi kwenye silinda hedi ya alumini huharibika kirahisi ikiwa moto. Kabla ya kuilegeza, puliza vumbi na mchanga kutoka kwenye shimo lake, la sivyo vitaangukia ndani ya silinda. Zipange plagi kwenye kadibodi uliyoandika namba, kisha zitazame kwenye mwanga zikiwa bega kwa bega, kwa maana plagi moja peke yake haisemi mengi kama ikiwa kando ya wenzake.

Ncha yenye rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu ni ya silinda iliyokuwa ikiwaka vizuri. Nyeusi yenye masizi makavu hutokana na mafuta mengi au cheche hafifu. Iliyolowa petroli haikupata cheche, au nozeli yake inamwaga. Yenye utando mzito wa oili kwenye ncha hutangaza uchakavu wa ringi za pistoni au mihuri ya vali. Nyeupe yenye malengelenge imepata joto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya upungufu wa mafuta. Na ile iliyo safi isivyo kawaida, kana kwamba imeoshwa, wakati wenzake watatu wana rangi, huenda imesafishwa na mvuke wa maji yanayoingia kutoka kwenye mfumo wa kupoozea.

Tofautisha oili iliyo kwenye ncha na oili iliyo juu ya plagi. Shimo la plagi likijaa oili huku ncha ikiwa kavu, injini yenyewe haina kosa. Ni gasketi ya mfuniko wa juu, ule unaoitwa tapeti kava, iliyochoka na kuvujisha oili hadi kwenye mpira wa koili. Nimewahi kuona mtu akiambiwa injini yake inahitaji kufunguliwa yote, wakati tatizo lilikuwa gasketi hiyo peke yake.

Mwisho igeuze plagi polepole kwenye mwanga na uichunguze kauri yake nyeupe. Utafute mstari mweusi au wa kijivu, mwembamba kama unywele, unaoshuka kutoka juu hadi kwenye sehemu ya chuma. Huo haufutiki kwa kitambaa wala kwa ukucha, kwa sababu si uchafu. Ni njia ambayo umeme umejichimbia nje ya plagi badala ya kwenda kwenye ncha. Ukiuona, kata shauri la kubadilisha plagi pamoja na mpira wa koili unaoifunika, kwa kuwa ndani ya mpira huo kuna mstari pacha, na ukikibakiza kimoja kitakiharibu kile kipya.

Pima nafasi ya ncha kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) ukilinganisha na kitabu cha gari. Nyingi huwa kati ya milimita 0.6 na 1.1. Plagi za iridiamu usizipanue wala kuzibana kwa nguvu, kwani ncha yake nyembamba huvunjika. Unaporudisha, anza kufunga kwa vidole hadi ikae, kisha ikaze kwa kipimo cha kitabu. Usipokuwa na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, plagi mpya yenye washa (pete ya chuma) hutosheka na takriban nusu mzunguko zaidi baada ya kukazwa kwa vidole, na ile isiyo na washa huhitaji kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko.

Hatua ya nne: hewa na mafuta

Ikiwa kumisi kumebaki kwenye silinda ile ile baada ya kuhamisha koili na plagi, sikiliza nozeli. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa nozeli na mpini wake karibu na sikio. Inayofanya kazi hugonga kwa mfululizo kama saa ya ukutani inayokimbia. Iliyo kimya ipimwe ukinzani injini ikiwa imezimwa na kiunganishi kikiwa kimechomolewa. Nozeli nyingi za manifodi huwa kati ya omu 11 na 18, na jambo la msingi ni zilingane. Ikigonga na kulingana na wenzake lakini silinda haiwaki, inaweza kuwa imeziba, na kuihamishia silinda nyingine kutakupa jibu.

Kwa hewa inayopenya, kifaa cha kusomea misimbo hukusaidia kama kinaonyesha marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa inaongeza asilimia 20 injini ikiunguruma polepole, kisha ikashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia baada ya sensa inayopima hewa. Ikiwa nyongeza inazidi kadiri mzigo unavyoongezeka, geukia pampu na chujio la mafuta. Kagua paipu zote za mpira zinazoingia kwenye manifodi, ukizikunja kidogo ili mipasuko ionekane. Kisha nyunyizia matone ya maji kwa chupa ya kupuliza kwenye maungio ya manifodi, mbali na koili. Mahali ambapo mlio unabadilika ndipo penye tundu. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Mimi siishauri juu ya injini yenye moto na cheche.

Hatua ya tano: kompresheni

Cheche na mafuta vikiwa sawa, imebaki silinda yenyewe. Injini iwe na uvuguvugu, toa plagi zote, chomoa viunganishi vya koili, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, kisha funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza. Mtu wa pili akanyage mafuta hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, na apige stata hadi silinda ibane mara 5 au 6. Andika namba, rudia kwa kila silinda kwa idadi ile ile, na hakikisha betri ina nguvu, maana stata inayochoka hukupa namba za uongo kwenye silinda za mwisho.

Injini nyingi zenye afya hutoa kati ya baa 10 na 14, lakini uwiano una uzito kuliko namba yenyewe: silinda ya chini kabisa isiwe chini ya robo tatu ya ile ya juu kabisa. Ukikuta iliyo chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, oili imeziba nafasi kwenye ringi, kwa hiyo ringi zimechakaa. Isipopanda, hewa inatokea kwenye vali au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao.

Fundi mwenye kompresa anaweza kuthibitisha kwa kujaza hewa kwenye silinda hiyo pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote zikiwa zimefungwa. Hewa ikisikika kwenye bomba la moshi, ni vali ya kutolea. Kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingizia. Kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Na mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Ukifika hapa, kazi ya nyumbani imekwisha na silinda hedi inahitaji kufunguliwa, lakini utamfikia fundi ukiwa na namba mkononi.

Baada ya kurekebisha

Futa misimbo, liendeshe gari katika hali ile ile iliyokuwa ikileta tatizo, kisha soma tena, ukitazama hata misimbo iliyo njiani kuthibitishwa ambayo bado haijawasha taa. Chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli kwa nguvu, mafuta yasiyoungua yamepita kwenye ringi na kuifanya oili iwe nyepesi, na oili hiyo ibadilishwe kabla ya safari ndefu.